Nani Kasema Gitaa Limekufa?

Leo sileti hadithi. Riwaya yangu ipo palepale, sura ya tisa, ndani ya kauntabuku la pili, na itangoje kidogo maana kuna jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki wa Mtera. Nataka kuzungumza juu ya gitaa la umeme. Najua wapo watakaosema, "Hiki ni kijarida cha waandishi, gitaa linahusu nini?" Nyie subirini. Nitawafikia, na sidhani kama mtafurahi.

Kisa kilianza kwenye kikao cha kwaya, Agosti 2023, wakati vumbi la Dodoma limepanda mpaka kwenye kope. Jina la kanisa nalihifadhi kwa sababu bado nasali hapo. Mwenyekiti wa kwaya alisimama, akakohoa, akatangaza kwa sauti ya msiba: "Ndugu wapendwa, gitaa letu la solo limekufa."

Watu wakaguna. Akaendelea. Kamati imekaa, imetafakari, imeona hakuna njia isipokuwa kuagiza jipya Kariakoo. Bei Sh. 450,000. Wanakwaya ni 30, kwa hiyo kila mmoja atoe Sh. 15,000 ndani ya mwezi mmoja, na asiyetoa asitegemee kuvaa sare mpya Krismasi.

Mama yangu ni mmoja wa hao 30. Anaimba sauti ya pili tangu sijazaliwa. Riziki yake ni karanga na ubuyu, anauza kwenye beseni, na Sh. 15,000 kwake ni faida ya siku tano kama mgambo hawajapita. Nilimwona akihesabu kwa vidole chini ya kanga.

Mie si mwanakwaya hasa. Kazi yangu pale ilikuwa kubeba spika na kukunja nyaya baada ya ibada. Lakini nikanyoosha mkono. Nikauliza, "Samahani mwenyekiti, limekufa kwa ugonjwa gani?"

Kicheko. Mwenyekiti akanijibu kama anayemjibu mtoto: "Kijana, limekufa. Ukichomeka halitoi sauti."

"Nani amelifungua akaona?"

Kimya. Hamna aliyelifungua. Gitaa lilikuwa limelala stoo miezi 14, limeegemea viti vya plastiki, na katika miezi yote hiyo hakuna mkono hata mmoja uliogusa skrubu. Ndipo mzee mmoja wa besi, mtu ninayemheshimu sana, akanigeukia na kusema kwa upole: "Mwanangu, vitu vya umeme si vya kuchezea. Vina wenyewe."

Vina wenyewe! Neno hilo ndilo limenifanya niandike makala hii.

NILICHOKIKUTA NDANI

Niliomba nilale na gitaa lile usiku mmoja. Wakaniruhusu, maana maiti haiibiwi. Nikalibeba mpaka kwetu Chang'ombe, nikaazima bisibisi ya nyota kwa jirani fundi pikipiki, nikakaa chini ya taa ya barazani.

Jamani, ndani ya gitaa la umeme mna vitu vichache kuliko ndani ya redio ya kijijini. Chini ya nyuzi kuna pikapu. Siyo gari. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya ile sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye waya. Kama umewahi kupanda baiskeli ya dainamo usiku, basi umeshaielewa elimu yote: kule sumaku inazunguka jirani na waya, taa inawaka, huku uzi unatetemeka jirani na sumaku, amplifaya inapata cha kukuza. Umeme huo unapita kwenye volyumu na toni, unatokea kwenye tundu la jeki, unaingia kwenye kebo. Basi. Katika gitaa la kawaida kama lile la kwaya hamna betri wala umeme wa ukutani. Ukilichomoa kwenye kebo ni salama kama kijiko cha chai.

Sasa ugonjwa wenyewe. Nati inayoshika tundu la jeki ilikuwa imelegea. Kila Jumapili kijana wetu wa solo alipochomeka kebo, tundu zima lilizunguka pamoja na nyaya zake za ndani. Zikajisokota, zikajisokota, mpaka mmoja ukakatika. Waya mwekundu, urefu wa kidole, unaning'inia. Kile kiulimi cha chuma kinachobana jeki nacho kilikuwa kimepata ufa. Hicho ndicho kifo tulichotangaziwa.

Nisikilizeni hesabu, maana gharama ndiyo hoja yenyewe. Tundu la jeki nilitolewa kwenye amplifaya bovu na fundi redio mmoja karibu na Soko la Majengo, Sh. 2,000. Risasi ya kulehemu, Sh. 1,000. Fundi huyohuyo akanipulizia dawa kwenye volyumu iliyokuwa ikikwaruza, Sh. 1,500. Njiti za meno pakiti moja, Sh. 500, nitasema baadaye ni za nini. Jumla Sh. 5,000. Pasi ya kulehemu niliazima. Nikaongeza seti mpya ya nyuzi Sh. 12,000 kwa sababu za zamani zilikuwa zimeota kutu. Kwa hiyo Sh. 17,000 mpaka gitaa linang'aa. Mchango wa mama yangu peke yake ulikuwa Sh. 15,000.

Jumamosi nikalipeleka mazoezini. Likalia. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akatikisa kichwa akasema, "Hilo ni la muda tu." Na michango ikaendelea kama kawaida, kwa sababu ahadi ilishatolewa kwa muuzaji.

Nielewekeni. Sisemi kuna mtu aliyekula hela. Risiti ilisomwa mbele ya wote, na mwenyekiti wetu ni mtu mwaminifu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi! Mwizi ungemkamata. Lakini mtu mwaminifu, mwenye risiti, amepoteza Sh. 450,000 za akina mama kwa kuogopa skrubu mbili, na anashukuriwa.

"WENYEWE" NI AKINA NANI?

Nimejiuliza lile neno la mzee limetoka wapi, na nadhani nimepata. Katika ujana wake vyombo vya muziki kweli vilikuwa na wenyewe. Miaka ya 1970 na 1980 bendi nyingi kubwa za dansi nchini zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, JKT walikuwa na Kimulimuli, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa na gitaa lilikuwa mali ya mwajiri. Akigombana na uongozi, anaondoka na vidole vyake, gitaa linabaki ukutani. Chombo cha ofisi ukikiharibu unaandika maelezo. Mtu aliyekulia hapo lazima aogope bisibisi, namwelewa kabisa.

Lakini leo ofisi iko wapi? Gitaa la kwaya limenunuliwa kwa karanga na ubuyu. Wenyewe ni wale akina mama 30. Na mwenye mali asiyeweza kuifungua mali yake atabaki mpangaji wa fundi na wa duka siku zote.

Tena sisi wa Dodoma tusijifanye wageni wa mambo haya. Patrick Balisidya, yule wa Afro 70, alizaliwa Mvumi mwaka 1946, mwendo mfupi tu kutoka hapa mjini. Bendi yake ilikwenda Lagos mwaka 1977 kwenye tamasha la FESTAC. Alifariki mwaka 2004, na mpaka leo "Harusi" yake inapigwa kwenye sherehe na vijana wasiojua kwamba mtunzi ni wa nyumbani.

Na kabla ya gitaa kulikuwa na nini? Ilimba na zeze. Mgogo anayetengeneza ilimba hajawahi kusubiri spea kutoka Dar es Salaam. Anachukua chuma, anakigonga kiwe bapa, anakipanga juu ya sanduku la mbao. Sauti ikiwa juu mno, anakivuta chuma kirefuke kidogo. Ikiwa chini mno, anakisukuma ndani. Anasikiliza, anarekebisha, anasikiliza tena. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliizungusha dunia kwa ilimba na zeze, na mwaka 2002 ikatoka albamu yake na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, inayoitwa Assembly. Ilimba ya Kigogo na gitaa la umeme, meza moja. Sasa mjukuu wa watu wanaorekebisha ala kwa sikio na nyundo anaambiwa skrubu ya gitaa ina wenyewe. Inaingia akilini?

Kuna wenzetu wa Kinshasa, kundi la Konono No. 1. Wao walikuwa na likembe, ndugu ya ilimba yetu, na mji wenye kelele za magari. Wakachukua sumaku za magari mabovu, wakatengeneza pikapu zao wenyewe, likembe ikawa ala ya umeme. Mwaka 2004 wakatoa albamu ya Congotronics na Ulaya ikasimama kusikiliza.

Na kama nyie hamwamini mpaka atajwe Mzungu, haya, namtaja. Mwaka 1963 kijana wa Kiingereza aitwaye Brian May hakuwa na hela ya gitaa alilolitaka. Yeye na baba yake wakalitengeneza nyumbani. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya zamani ya sehemu ya kuotea moto. Spring za lile daraja la kutikisa sauti zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Alama za shingoni ni vifungo vya nguo. Gitaa hilohilo ndilo alilokuja kulipiga kwenye bendi ya Queen, nyuma ya mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, Freddie Mercury. Mbele ya viwanja vilivyojaa watu, spring za pikipiki! Na sisi tunaishi mji wa bodaboda.

KWENU MASUPASTAA, NA KWENU WAPENDA DUMU

Nina ugomvi na makundi mawili ya vijana wenzangu.

La kwanza ni washikaji wa kijiweni wanaojua majina yote ya magitaa ya Marekani na hawajui waya wa ardhi ni upi. Hao ukiwaambia badilisha kikazio kimoja kilichokwisha meno, chukua kizima kwenye gitaa bovu la jirani, wanakucheka: "Sio orijino hiyo." Wanangoja seti kamili kutoka nje. Mwaka wa tatu wanangoja. Gitaa lina kikazio kimoja kibovu kati ya sita, na kwa sababu ya hicho kimoja vyote sita vimepumzika. Orijino ya nini kama halilii?

La pili ni wale wanaosifia umaskini. Utawasikia, ati ufundi wa kweli ni kutumia chochote: funga waya wa breki ya baiskeli, piga muziki, mgeni apige picha. Nimejaribu waya wa breki. Ni chuma, kwa hiyo pikapu inausikia, sikatai. Lakini hautulii kwenye sauti na unatafuna vyuma vya shingoni, kesho unadaiwa kazi kubwa zaidi ya seti ya nyuzi uliyoikwepa. Ubahili wa namna hiyo ni ghali. Bajeti ndogo inakutaka upime mara mbili, kwa sababu huna hela ya kukosea.

Na mie nimekosea, nisijifanye malaika. Baada ya ushindi wa gitaa la kwaya nilivimba kichwa. Binamu yangu akaniletea lake, pikapu ya kati haisikiki. Ningefanya nini kwanza? Ningechukua mita nipime. Pikapu za namna ile nzima husoma kilo-omu kadhaa, kwa kawaida kati ya tano na nane. Ikisoma haina mwisho, waya umekatika mahali. Na kabla ya hapo ningegonga pikapu polepole kwa ncha ya bisibisi nisikie kama amplifaya inaitikia "ko". Sikufanya lolote. Nilichokonoa kwa pini. Nikakata ule waya mwembamba katikati ya mizunguko yake, na kumbe kosa la mwanzo lilikuwa kwenye swichi tu, vumbi! Nilimlipa binamu Sh. 40,000 kwa awamu nne. Ada hiyo sikuipata shule.

Kwa hiyo mnaposema "utaharibu", ni kweli, inawezekana. Ndiyo maana mtu anaanza na kebo: azima nyingine, jaribu, maana magitaa mengi "yaliyokufa" ni kebo iliyokatika. Kisha nati ya jeki. Kisha volyumu na swichi. Pikapu ni ya mwisho kabisa. Piga picha kwa simu kabla hujagusa waya wowote, ujue ulikotoka. Ukigeuza nyaya mbili za jeki gitaa litanguruma kama mashine ya kusaga.

Na amplifaya sitawadanganya. Ile usifungue. Ndani yake kuna umeme wa ukutani, na zipo kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi. Hapo mwachie fundi aliyesomea. Ujasiri wa bisibisi una mpaka, na mpaka wake ni huo.

DODOMA NA GITAA LAKE

Vitabu vya gitaa vimeandikiwa watu wa mvua. Sie mvua yetu ni ya msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili, halafu ni jua na upepo. Mbao ikikauka inasinyaa, chuma hakisinyai. Ndiyo maana mwezi wa tisa ukipitisha kiganja pembeni ya shingo ya gitaa unakwaruzwa: ncha za vile vyuma zimechomoza. Watu wanasema gitaa bovu, la Kichina. Si ubovu, ni kiangazi. Paka utepe kwenye mbao, chukua tupa ndogo, sugua ncha polepole, maliza na msasa laini. Kisha chukua kisanduku cha sabuni chenye matundu, weka sponji lenye unyevu, si la kudondosha maji, kaa nalo ndani ya mfuko wa gitaa. Na usilitundike chini ya bati.

Skrubu ya kishikizo cha mkanda ikizunguka bila kushika, usitie skrubu nene zaidi. Pakaa gundi ya seremala kwenye njiti za meno, zijaze tundu, ziache zikauke mpaka kesho, kata, rudisha skrubu ileile. Hiyo ndiyo kazi ya ile Sh. 500.

Kile kipande chenye mifereji kinachobeba nyuzi kule kichwani kikivunjika, nenda buchani. Ndiyo, buchani, sisi ni watu wa ng'ombe. Omba kipande cha mfupa mgumu wa mguu, chemsha utoke mafuta, kaushe, kata, piga tupa. Magitaa mengi ya bei mbaya duniani yana mfupa pale, ya bei rahisi yana plastiki. Mifereji ichimbe kidogokidogo, maana ukizidisha, uzi utagonga chuma cha kwanza na kulia kama nyuki. Ukizidisha hata hivyo, usilie: ule unga wa mfupa uliobaki changanya na tone la supa gluu, jaza, anza upya. Uzi ukikwama kwenye mfereji na kukataa kutulia, sugua mfereji kwa ncha ya penseli. Risasi ya penseli inateleza vizuri.

Na daraja, kule chini: piga uzi wazi ukigusa kidogo juu ya chuma cha 12, usikie ile sauti nyembamba, kisha bonyeza palepale upige. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza kitako cha uzi nyuma, uzi urefuke. Ikiwa chini, sogeza mbele. Hiyo ndiyo ile elimu ya ilimba, vuta na sukuma, na sikio lako hulinunui Kariakoo.

SASA NYIE WAANDISHI

Nilisema nitawafikia. Usiku ule barazani, baada ya kulehemu waya, niliingia ndani nikafungua kauntabuku la kwanza. Mhusika wangu mkuu ni mpiga gitaa wa bendi. Katika sura ya nne nilikuwa nimeandika kwamba katikati ya wimbo gitaa lake liliungua, moshi ukatoka tumboni mwake, ukumbi ukaingia giza. Nilikuwa najivunia sura hiyo. Niliwasomea wenzangu pale Nyerere Square na wakapiga makofi.

Moshi! Kutoka kwenye umeme usioweza kuwasha hata taa ya baiskeli! Mie na wote waliopiga makofi hatukuwa tumeona ndani ya gitaa hata siku moja. Nilikuwa nimeandika kile nilichodhani wasomaji wanategemea, nao walitegemea hivyo kwa sababu hawakujua, na mjinga mmoja alikuwa anamlisha mwenziwe. Niliichana ile sura. Katika sura mpya mhusika anachomeka kebo mbele ya watu, hasikii kitu, na anajua ni nati aliyoahirisha kuikaza wiki tatu. Aibu yake ni kubwa kuliko moshi wowote, kwa sababu ni uzembe wake.

Ndugu zangu, tunaandika juu ya mafundi, mama lishe, madereva, wapiga magitaa, na mikono yetu haijagusa chochote isipokuwa kalamu. Wengine hata kalamu hatugusi, tunangoja kompyuta kama wale wa kijiweni wanavyongoja seti orijino. Mzee wa besi aliniambia vitu vya umeme vina wenyewe. Wangapi wametuambia hivyohivyo juu ya riwaya? Kwamba ni ya waliofika chuo kikuu, sisi wa kidato cha nne tusichezee? Nami nilikuwa karibu kukubali. Kilichonizindua ni ule waya mwekundu.

Nimalizie kisa. Gitaa jipya lilifika Oktoba 2023, zuri, jekundu, linanukia rangi. Septemba 2024 likanyamaza katikati ya pambio. Wakaliweka stoo. Nililicheki kwa nje tu: nati ya jeki inazunguka kwa kidole. Kikao kikaitwa. Mwenyekiti akasimama, akakohoa.

Kabla hajafungua mdomo kuna mtu alinyoosha mkono. Alikuwa mama yangu. Akasema, "Mwenyekiti, kabla ya michango, naomba lifunguliwe hapahapa, tuone wote."

Likafunguliwa juu ya meza ya sakramenti, wametandika gazeti. Aliyeshika bisibisi ni binti wa sauti ya kwanza, ana miaka 16. Mie nilikaa kiti cha nyuma, mikono mifukoni. Alipata tabu na skrubu ya tatu, mzee wa besi akamshikia tochi ya simu. Waya ulikuwa umekatika mahali palepale.

Basi, kila Jumamosi saa tisa alasiri niko barazani, Chang'ombe. Mwenye gitaa bovu alilete. Sitakutengenezea. Nitakuazima bisibisi na pasi ya kulehemu, nitakaa pembeni, na risasi utakuja nayo mwenyewe. Anayeona nimewakosea adabu wazee, au nimewaonea washikaji wa orijino, kurasa za kijarida hiki ziko wazi. Anijibu.